Alama Hutolewa kwa Lipi: Historia ya Dunia na Saikolojia katika Sekondari za Marekani

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili na ambazo watoto wao wanasoma katika shule za sekondari za Marekani, ziwe zimetoka Bukavu, Kigoma, Mombasa au Bujumbura, hukabidhiwa hati ya matokeo ambayo tarakimu zake zinasomeka bila shida ilhali maana yake imefichika. Katika mtihani wa Kidato cha Nne nchini Tanzania, asilimia 78 ni A, kwa kuwa A huanzia 75, B huanzia 65 na C huanzia 45. Nchini Kongo asilimia 50 ndiyo mpaka wa kufaulu, na anayefikisha 70 huhesabiwa kuwa mwanafunzi hodari. Katika shule nyingi za Marekani A huanzia 90, B huanzia 80, C huanzia 70, D huanzia 60, na chochote kilicho chini ya 60 ni F, yaani kufeli. Kwa hiyo 78 ile ile iliyostahili kuchinjiwa jogoo Kigoma ni C tu huko Marekani, na mzazi anayeifurahia hajakosea hesabu, bali ameipima alama ya nchi moja kwa mizani ya nchi nyingine.

Tofauti hiyo ya viwango huzoeleka baada ya muhula mmoja. Iliyo ngumu zaidi kuzoeleka ni tofauti ya kile kinachopimwa, nayo hujitokeza waziwazi katika masomo mawili: Historia ya Dunia, ambayo katika shule nyingi ni somo la lazima la darasa la tisa au la kumi, na Saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia ya binadamu, ambayo kwa kawaida ni somo la kuchagua kwa wanafunzi wa darasa la kumi na moja na la kumi na mbili. Masomo hayo yana sifa ya kuwa ya kusoma na kukariri, na wanafunzi waliolelewa katika utaratibu wa kunakili ubaoni na kuyarudisha maneno ya mwalimu kama yalivyo huyaingia kwa kujiamini, kisha hushangaa alama zinapokuja za wastani. Kukariri hakudharauliwi katika masomo hayo, lakini hakulipwi peke yake. Alama hutolewa kwa kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya kwa maarifa aliyonayo akiwa mbele ya karatasi, na masharti ya kuipata huwa yameandikwa na kugawiwa kabla kazi yenyewe haijaanza.

Waraka wa kwanza wa kusomwa, hata kabla ya kitabu cha kiada, ni silabasi, yaani maelezo ya kurasa mbili au tatu ambayo mwalimu huyagawa katika wiki ya kwanza na ambayo mara nyingi hurudishwa yakiwa na saini ya mzazi. Wazazi wengi huitia saini hiyo bila kuyasoma maelezo, ilhali ndani yake ndimo ulimo mgawanyo wa uzito wa alama. Ichukuliwe, kwa mfano, silabasi inayotenga asilimia 50 kwa mitihani na insha, asilimia 30 kwa kazi za darasani na asilimia 20 kwa kazi za nyumbani. Mwanafunzi mwenye wastani wa 88 katika fungu la kwanza, 85 katika la pili na 40 katika la tatu, kwa sababu amezoea kuziona kazi za nyumbani kuwa mazoezi tu yasiyohesabiwa, atakusanya 44, kisha 25.5, kisha 8, ambazo jumla yake ni 77.5, na hati yake itaandikwa C. Mwanafunzi yuyo huyo, kwa akili ile ile na matokeo yale yale ya mitihani, akiufikisha wastani wa kazi za nyumbani kwenye 90 atakuwa na 87.5, nayo ni B. Mtihani wa mwisho wa mwaka, ambao Afrika Mashariki ndio huamua kila kitu, hapo huwa fungu moja tu miongoni mwa mafungu, na mwanafunzi anayengoja miezi ya mwisho ili akeshe akisoma atakuta alama zake nyingi zimekwisha kuamuliwa.

Katika hesabu hiyo hakuna kinachoumiza kama sifuri. Kazi nne zilizopata 90 kila moja, zikichanganywa na kazi moja isiyowasilishwa, hutoa wastani wa 72, yaani mwanafunzi wa A amegeuka wa C kwa jioni moja ya kusahau. Hii ndiyo sababu ya kufungua mara moja kwa wiki daftari la alama la mtandaoni, ambalo shule huliendesha kwa mifumo kama PowerSchool au Infinite Campus na ambalo kwa kawaida mzazi hupewa akaunti yake mwenyewe ya kuliona. Kazi iliyoandikwa humo kuwa haijawasilishwa haiko sawa na kazi iliyofanywa vibaya, kwa sababu walimu wengi huipokea kazi iliyochelewa kwa kupunguza alama kadhaa, na kazi iliyopewa nusu ya alama kwa ajili ya kuchelewa huudhuru wastani kidogo sana ikilinganishwa na sifuri.

Jambo jingine ambalo silabasi hulitaja kwa mstari mmoja, nalo lina uzito kwa mtoto aliyefunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa, ni ushiriki darasani. Mtoto anayeinamisha macho na kusubiri kuulizwa, akifanya hivyo kwa adabu aliyofunzwa nyumbani, anaweza kuhesabiwa kuwa hakusoma. Si lazima aiache adabu hiyo. Inatosha aelezwe na wazazi wake, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba katika darasa hilo kuuliza swali ni sehemu ya kazi na mwalimu halioni kuwa ni ukosefu wa heshima. Anayeona ugumu wa kusema mbele ya wenzake anaweza kumwandikia mwalimu ujumbe mfupi wenye swali mahususi. Ujumbe unaosema kuwa alama ya muktadha haikupatikana katika insha ya wiki iliyopita, na unaouliza ni sentensi gani ilipungua, hujibiwa kwa manufaa zaidi kuliko ujumbe unaouliza kwa nini alama ni ndogo.

Ili kuona ugumu wa Historia ya Dunia uko wapi, ni vyema kuutazama mtihani wa kiwango cha AP, yaani programu ya masomo ya ngazi ya chuo kikuu yanayofundishwa sekondari chini ya shirika la College Board, kwa sababu walimu wengi wa madarasa ya kawaida pia huuiga muundo wake. Mtihani huo una maswali 55 ya kuchagua jibu yanayofanywa kwa dakika 55 na kubeba asilimia 40 ya alama. Maswali matatu ya majibu mafupi kwa dakika 40, asilimia 20. Swali la nyaraka kwa dakika 60, asilimia 25. Na insha ndefu kwa dakika 40, asilimia 15. Maana yake ni kwamba asilimia 60 ya alama hutokana na kuandika. Kipindi kinachosomwa huanzia takriban mwaka 1200, na historia ya tarehe hiyo inamhusu Mswahili moja kwa moja: mwaka 2018 College Board ilitangaza kuwa somo lingeanzia 1450, walimu na wanafunzi wakapinga kwamba kufanya hivyo kungefuta sehemu kubwa ya historia ya Afrika, Asia na Amerika kabla ya ukoloni, na mwanzo ukarudishwa nyuma hadi 1200. Karne mbili na nusu zilizookolewa kwa malalamiko hayo ndizo karne za ustawi wa Kilwa.

Swali la nyaraka ndilo linaloangusha wengi, kwa hiyo linastahili kutazamwa kwa karibu. Mwanafunzi hupewa nyaraka saba, kama vile barua, sehemu za vitabu vya wasafiri, picha au ramani, na kutakiwa kujenga hoja kwa kuzitumia, kisha insha husahihishwa kwa mwongozo wenye pointi saba ambazo kila moja ina sharti lake. Tuseme swali linataka itathminiwe ni kwa kiasi gani kuingia kwa Wareno katika Bahari ya Hindi kulibadili biashara ya eneo hilo kati ya 1450 na 1750. Mwanafunzi akianza kwa kuandika kwamba Wareno walileta mabadiliko mengi katika biashara, sentensi hiyo ni ya kweli lakini haina pointi, kwa kuwa hoja kuu, yaani jibu la moja kwa moja ambalo insha nzima italitetea, ni lazima ibebe sababu. Akiandika kwamba Wareno waliuvunja utawala wa miji kama Kilwa na kuvilazimisha vyombo kununua vibali vya kusafiri baharini, lakini sehemu kubwa ya biashara ilibaki mikononi mwa Wagujarati, Waarabu na Waswahili kwa sababu Wareno walikuwa wachache na waliwategemea wenyeji hao hao, amepata pointi ya kwanza, na zaidi ya hapo amejichorea ramani ya insha.

Pointi ya pili ni ya muktadha, yaani maelezo ya hali iliyotangulia au kulizunguka jambo linaloulizwa. Hapa sentensi moja ya haraka haitoshi. Panatakiwa maelezo mafupi ya jinsi pepo za kaskazi na kusi zilivyoendesha safari za majahazi, jinsi Kilwa ilivyonufaika na dhahabu ya Sofala, na jinsi mji huo ulivyokuwa umestawi Ibn Battuta alipoufikia mwaka 1331. Pointi tatu ni za ushahidi: mbili hupatikana kwa kutumia angalau nyaraka nne kuitetea hoja, na moja kwa kuleta ushahidi usiomo katika nyaraka na usiokuwa ule uliokwisha kutumika katika muktadha. Mtoto wa pwani au mjukuu wake ana akiba kubwa hapa ikiwa tu nyumbani wameyazungumza mambo hayo: kuporwa kwa Kilwa mwaka 1505, ujenzi wa Ngome ya Yesu Mombasa ulioanza 1593, na kutekwa kwa ngome hiyo na Waomani mwaka 1698 ni ushahidi ambao wengi wa wanafunzi wenzake hawana.

Pointi ya sita ndiyo isiyojulikana sana kwa waliosoma katika mifumo ya Afrika Mashariki, ambako maneno ya kitabu hupokewa kama yalivyo. Mwanafunzi hutakiwa kueleza, kwa nyaraka zisizopungua mbili, jinsi mtazamo wa mwandishi, lengo lake, walengwa wake au hali ya wakati wake inavyoathiri namna ya kuusoma waraka huo. Nahodha wa Kireno anayemwandikia mfalme wake kuhusu ushindi alioupata ana sababu ya kuukuza ushindi huo, kwa kuwa anatarajia zawadi au cheo. Kwa hiyo barua yake ni ushahidi mzuri wa tamaa ya Wareno na ushahidi dhaifu wa udhibiti wao halisi. Kutaja tu kwamba mwandishi ni Mreno na hivyo ana upendeleo hakuna pointi. Pointi ya saba, ya uelewa wa kina, hupatikana kwa njia kadhaa, na mwanafunzi anayeanza asiihangaikie kabla hajaziweka sita za kwanza mfukoni.

Saikolojia ina mtego wa aina nyingine, nao ni lugha. Somo hili huazima maneno ya kila siku na kuyapa maana finyu, na mwanafunzi anayeyatumia kwa maana ya sokoni hukosa alama huku akiamini amejibu vyema. Mfano mkubwa ni uimarishaji hasi, dhana iliyoenezwa na B. F. Skinner, ambayo karibu kila mwanafunzi mpya huichanganya na adhabu kwa sababu neno hasi humfanya afikirie ubaya. Uimarishaji, wa aina yoyote ile, huiongeza tabia. Hasi maana yake ni kwamba kitu kinaondolewa. Gari hulia mlio wa kuudhi mpaka dereva afunge mkanda, mlio ukanyamaza, na dereva huyo siku nyingine hufunga mkanda mapema: tabia imeongezeka kwa kuondolewa kero, na huo ndio uimarishaji hasi. Adhabu, kinyume chake, huipunguza tabia. Vivyo hivyo, si kila utafiti ni jaribio. Jaribio ni utafiti ambamo mtafiti mwenyewe hukibadilisha kitu kimoja na kuwagawa washiriki katika makundi kwa kubahatisha, na pasipo hayo mawili hairuhusiwi kusema kwamba jambo moja lilisababisha jingine. Utafiti unaoonyesha kuwa wanafunzi wanaolala saa nyingi wana alama nzuri unaonyesha uhusiano tu, kwani huenda utulivu wa nyumbani ndio unaoleta vyote viwili.

Umuhimu wa tofauti hizo umeongezeka tangu mwaka wa masomo 2024–25, mtihani wa AP wa Saikolojia ulipobadilishwa. Sasa una maswali 75 ya kuchagua jibu kwa dakika 90, yanayobeba theluthi mbili ya alama, na maswali mawili ya kuandika kwa dakika 70, kila moja likiwa na pointi saba. La kwanza humpa mwanafunzi muhtasari wa utafiti mmoja na kumtaka atambue mbinu iliyotumika, aeleze kigeu fulani kilipimwaje, afasiri takwimu, ataje hatua ya kimaadili waliyoichukua watafiti, na aseme matokeo yanaweza kuhusishwa na watu gani wengine. La pili humpa tafiti tatu na kumtaka atoe dai, alitetee kwa ushahidi kutoka tafiti mbili tofauti, na kila ushahidi aufungamanishe na dhana ya kisaikolojia. Kigeu ni kitu chochote kinachoweza kuwa na viwango tofauti, na swali la jinsi kilivyopimwa lina jibu moja la aina yake: utafiti ukihusu kumbukumbu, jibu lisilo na pointi ni kwamba walipima kumbukumbu, na jibu lenye pointi ni kwamba walihesabu idadi ya maneno ambayo kila mshiriki aliyakumbuka kati ya 20 aliyosomewa.

Mazoezi yanayofaa kwa Saikolojia, kwa hiyo, ni mwanafunzi kujiwekea kadi zenye pande tatu za jibu badala ya moja: fasili kwa maneno yake, mfano kutoka maisha ya nyumbani kwake, na dhana jirani ambayo huchanganywa nayo. Somo lenyewe linamfundisha namna ya kusoma, kwani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885, kwa kujipima yeye mwenyewe, jinsi kusahau kunavyokuwa kwa kasi mara tu baada ya kujifunza na jinsi marudio yaliyotenganishwa kwa siku yanavyoshinda marudio ya mkupuo. Dakika 20 kwa siku tano zina faida kuliko saa mbili za usiku wa kuamkia mtihani. Aidha, ipo kazi moja ambayo familia zilizopitia vita zinapaswa kuitupia jicho: baadhi ya walimu huwataka wanafunzi waandike juu ya kumbukumbu zao, hofu zao au historia ya familia zao. Mtoto ambaye kumbukumbu zake ni za kukimbia usiku hapaswi kulazimika kuzianika ili apate alama, na mzazi akimweleza mwalimu mapema, bila hata kutoa undani, ni kawaida kupewa mada mbadala.

Katika masomo yote mawili, kunakili maneno ya kitabu, ya tovuti au ya programu ya akili bandia bila kutaja chanzo huhesabiwa kuwa wizi wa maandishi, na adhabu yake mara nyingi ni sifuri pamoja na taarifa kwa uongozi. Kwa mwanafunzi aliyewahi kusifiwa kwa kuyanukuu maneno ya kitabu neno kwa neno, jambo hili linahitaji kusemwa mapema, kabla halijamfika.

Kuhusu uamuzi wa kuchukua darasa la AP au la kawaida, ni lazima kwanza zitenganishwe alama mbili. Alama ya darasa hutolewa na mwalimu na kuingia katika GPA, yaani wastani wa alama zote za sekondari ambao kwa kawaida kikomo chake cha juu ni 4.0, na shule nyingi huipa A ya darasa la AP thamani ya 5 badala ya 4. Alama ya mtihani wa AP ni nyingine: mtihani hufanywa mwezi Mei, matokeo hutoka Julai kwa kiwango cha 1 hadi 5, na vyuo vikuu vingi huhesabu 3 au zaidi kuwa kozi iliyokwisha kusomwa, ingawa kila chuo kina kanuni yake. Mitihani ya masomo haya mawili sasa hufanywa kwa kompyuta kwa programu ya Bluebook, kwa hiyo mwanafunzi asiye na mazoea ya kuchapa aanze kuandika insha zake kwa kompyuta tangu Septemba. Familia yenye kipato kidogo iulize shuleni kuhusu punguzo la ada ya mtihani. Kwa mtoto ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga, darasa la kawaida lenye B ya uhakika katika mwaka wa kwanza ni chaguo bora kuliko AP yenye D, na Saikolojia inaweza kungoja mpaka darasa la kumi na mbili.

Hatimaye kuna haki ambayo familia nyingi haziijui. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyohusu wanafunzi wa asili ya Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shule haiwezi kumweka mwanafunzi asiyejua Kiingereza darasani bila msaada na kudai kuwa imemtendea sawa na wenzake, na uamuzi huo uliegemea Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kwa msingi wa sheria hiyo hiyo, mzazi asiyeelewa Kiingereza anastahili kupewa taarifa za shule katika lugha anayoielewa, na mkalimani wa kikao cha mwalimu na mzazi hugharamiwa na shule. Ombi lifanywe wiki moja au mbili kabla ya kikao, likiitaja lugha kwa jina, na ikiwa kinachoeleweka nyumbani ni Kiswahili cha Kongo, hilo nalo lisemwe. Lakini mtoto asifanywe mkalimani wa alama zake mwenyewe.